Askofu anapomzuia kaisari: uchague mchoro wa Rubens au wa Van Dyck?

Kisa ni kimoja, mpangilio wa watu karibu ni uleule, na wachoraji wote wawili walifanya kazi Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, tena katika karakana moja: ile ya Rubens, Van Dyck akiwa msaidizi wake. Askofu mzee mwenye ndevu nyeupe, Ambrosi wa Milano, amesimama juu ya ngazi za kanisa. Kaisari wa Roma, Theodosius, akiwa na joho jekundu na askari wake nyuma, anapanda kutokea kushoto, na hapohapo anazuiwa. Mwalimu wa dini akitafuta picha ya kuonyesha darasani hukutana na zote mbili. Vivyo hivyo mwanafunzi wa sanaa aliyepewa kazi ya kunakili, au kamati ya parokia inayotaka kutundika nakala ukumbini. Na kwa kuwa zinafanana hivyo, ni rahisi kubeba moja ukidhani umebeba nyingine.

Njia ya haraka ya kuzitofautisha: tazama kidevu cha kaisari. Ana ndevu? Huo ni wa Peter Paul Rubens, uliopo Vienna. Amenyolewa? Huo ni wa Anthony van Dyck, uliopo London. Ukiwa bado na shaka, tazama kona ya kushoto: mikuki na shoka la mpini mrefu vilivyojitokeza juu ya vichwa vya askari ni nyongeza ya Van Dyck.

Kisa chenyewe

Mwaka 390 umati wa watu wa Thesalonike ulimuua Butheric, kamanda wa jeshi la Kirumi mjini humo, baada ya yeye kumfunga mwendesha magari ya mashindano aliyependwa sana. Kaisari Theodosius wa Kwanza aliamuru mji uadhibiwe, na wanajeshi wakaua ovyo. Mwandishi wa historia ya Kanisa Theodoreto, aliyeandika katika karne ya 5, anataja watu 7,000.

Ambrosi, askofu wa Milano tangu 374, alichukua hatua. Yaliyofuata yamebebwa na michoro yote miwili kwa namna moja: askofu anasimama mlangoni na kumwambia mtawala mkubwa kuliko wote duniani kwamba hapiti. Msomaji wa Biblia ataukumbuka upesi uso wa nabii Nathani mbele ya Daudi, na Ambrosi mwenyewe aliutumia mfano wa Daudi alipomwandikia kaisari.

Naam, alimwandikia. Hilo tutalirudia chini, kwa sababu ndilo linalowakwaza walimu wengi.

Vigezo vya kuchagulia

Tumepima michoro hii kwa mambo sita: ukubwa na mahali pa kusimama mtazamaji, nani anabeba uzito wa tukio, kazi ni ya mkono wa nani, inaendana vipi na historia, ugumu wa kuinakili kwa brashi, na gharama ya kuichapisha au kwenda kuiona. Hatukuweka kigezo cha uzuri. Wanaobishana kuhusu uzuri wa hii au ile kwa kawaida mmoja ameiona picha kwenye simu na mwingine ameiona ukutani.

Ukubwa na mahali pa kusimama

*Rubens.* Sentimita 362 kwa 246, rangi za mafuta juu ya turubai, kazi ya kati ya 1615 na 1617. Watu waliochorwa ni wakubwa kama watu halisi. Ukisimama mbele yake, macho yako yanakuwa usawa wa ngazi na miguu, na Ambrosi yuko juu yako. Ili uione yote kwa mkupuo unahitaji kurudi nyuma mita tano hadi saba, yaani mara moja na nusu hadi mara mbili ya kimo chake. Ukisogea karibu mno, mpangilio unavunjika: unabaki na joho la askofu na kidogo zaidi.

*Van Dyck.* Sentimita 149 kwa 113.2, nayo ni mafuta juu ya turubai, ya mwaka 1619 au 1620 hivi. Kwa eneo, ule wa Vienna unaumeza huu mara tano na ushei. Huu unatazamwa vizuri ukiwa mita mbili hivi, na ukipiga hatua moja mbele bado unasomeka. Nyuso zinakuwa usawa wa uso wako, mistari ya brashi inaonekana.

Tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopotea kwanza kwenye chapa. Ukizichapisha zote kwenye karatasi ya A4, vichwa vinakuwa karibu saizi moja, maana mpangilio ni uleule. Van Dyck hapo amepoteza kidogo. Rubens amepoteza nguvu yake kuu, ile ya kumfanya mtazamaji ajione amesimama chini ya ngazi pamoja na msafara wa kaisari.

Nani anabeba uzito wa tukio

*Rubens.* Uzito uko kwa Ambrosi. Joho lake la ibada lililotariziwa kwa dhahabu ni kama ukuta. Linajaza upande wa kulia na kuuziba mlango kabla hata mkono haujafanya kazi. Kaisari ana mwili mzito wa mwanajeshi, ana ndevu, ana umri. Hapa nguvu mbili zinazolingana zinakutana, na moja inarudi nyuma. Usanifu wa jengo nyuma yao haukuelezwa sana, hivyo jicho halina pa kukimbilia. Linabaki kwenye ule msongamano wa miili katikati.

Mtu wa Antwerp wa wakati huo aliuelewa ujumbe bila kuambiwa. Mwaka 1566 Waprotestanti wenye hasira walikuwa wamevunja sanamu na picha katika makanisa ya nchi hiyo. Mwaka 1585 mji ulirudi mikononi mwa Hispania na Ukatoliki ukarudishwa kwa nguvu. Mtaguso wa Trento, uliofungwa 1563, ulikuwa umetilia mkazo sakramenti ya kitubio pamoja na matumizi ya picha katika kufundishia imani. Kaisari anayezuiwa kanisani hadi atubu ni somo la kitubio lenye kimo cha mita tatu na nusu.

*Van Dyck.* Uzito umesogea kuelekea kwa kaisari. Kunyoa ndevu si jambo dogo katika mchoro: mstari wa taya na mdomo unakuwa wazi, na mtu tuliyemwona kama jemadari anaonekana kijana zaidi, tena amefumaniwa. Jengo nyuma limechorwa kwa uwazi zaidi, kwa hiyo tunajua ni wapi hasa anapokatazwa kuingia. Na ile mikuki na shoka la kushoto vinafanya kazi ya ajabu kidogo: vinaongeza silaha upande wa mtu anayeshindwa. Jeshi lote lipo, chuma kiko tayari, na hakuna kinachosaidia. Kwetu sisi hiyo ndiyo nyongeza ya akili kuliko zote alizofanya Van Dyck, ingawa wapo wanaoiona imejaza kona ambayo Rubens aliiacha ipumue. Wana hoja, kwenye skrini ndogo kona hiyo hugeuka vurugu la vijiti.

Kwa hiyo ukitaka kuzungumzia ofisi ya askofu na mamlaka ya Kanisa, Rubens anakupa zaidi. Ukitaka kuzungumzia dhamiri ya mtu mwenye damu mikononi, Van Dyck.

Kazi ni ya mkono wa nani

*Rubens.* Makumbusho ya Vienna yanaiorodhesha kwa jina la Rubens, na ubunifu ni wake. Lakini karakana yake haikufanya kazi kwa mkono mmoja. Utaratibu wa kawaida ulikuwa hivi: bwana huchora mfano mdogo, wasaidizi huukuza na kuujaza kwenye turubai, kisha bwana hupitia na kumalizia sehemu anazoona zinahitaji mkono wake. Katika barua ya 1618 kwa mteja Mwingereza, Rubens mwenyewe aliorodhesha kazi zake akieleza ipi kafanya peke yake na ipi ilianzwa na wanafunzi, na bei zikaenda kwa kufuata hilo. Wataalamu wengi wanaamini kwamba katika turubai hii ya Vienna mkono wa Van Dyck uliingia kwa kiasi kikubwa.

*Van Dyck.* Huu ni wake, wa kijana wa miaka 20 hivi (alizaliwa 1599, akapokewa kuwa fundi kamili katika chama cha wachoraji cha Antwerp Februari 1618). Anauchukua mchoro wa bwana wake, anaupunguza, anaurekebisha. Brashi inakwenda haraka, rangi imeachwa ikiwa kavu na ya kukwaruza mahali pengine, na kingo za nguo hazikulainishwa kama kwa Rubens. Anayetaka kuona mwanafunzi akibishana na mwalimu wake kwa adabu, mfano mzuri kuliko huu ni nadra.

Kosa la kawaida hapa ni kuuita wa London "nakala" kisha kuupuuza. Kosa la upande wa pili ni kuuita wa Vienna "wa Rubens mwenyewe" kana kwamba kila mkunjo wa kitambaa aliugusa yeye.

Inaendana vipi na historia

Hapa hakuna mchoro unaoshinda kwa mbali.

Tukio la mlangoni linatoka kwa waandishi wa karne ya 5, Theodoreto akiwa ndiye aliyelipamba zaidi, na masimulizi ya watakatifu ya Zama za Kati yakalieneza. Barua ya Ambrosi mwenyewe inaonyesha njia tofauti. Habari za mauaji zilipofika, hakumngojea kaisari ngazini. Alikuwa amejiondoa mjini akieleza kwamba hali yake ya afya si nzuri, na kutoka huko akaandika kwa siri, kwa lugha ya heshima lakini isiyopinda, kwamba hataweza kutoa sadaka ya misa iwapo Theodosius atakuwapo. Kaisari akakubali kufanya kitubio hadharani, na Krismasi ya mwaka huohuo wa 390 akarudishwa kwenye komunyo. Mwaka 395, Theodosius alipofariki huko Milano, ni Ambrosi aliyetoa hotuba ya maziko.

Mwalimu asiyejua haya hujikuta pabaya pale mwanafunzi mmoja anapouliza, "Askari walikuwa wapi, mbona hawakumkamata?" Jibu la kweli ni kwamba pengine hawakuwepo, kwa sababu mambo yalipita kwenye barua.

Mavazi nayo ni ya karne ya 17, angalau upande wa askofu. Joho la dhahabu analovaa Ambrosi katika picha zote mbili ni la maaskofu aliowaona Rubens, si la mwaka 390. Na kanisa kuu linaloonekana leo Milano, lile la marumaru lenye minara mingi, lilianza kujengwa 1386, karibu miaka elfu moja baada ya kisa. Kanisa la Ambrosi lilikuwa jengo jingine, na mabaki yake yako chini ya uwanja ulio mbele ya kanisa la sasa.

*Rubens* anakosea jambo dogo moja ambalo *Van Dyck* analipatia: ndevu. Sarafu za Theodosius zinamwonyesha amenyolewa, na ndivyo alivyo kwenye sinia kubwa la fedha la mwaka 388 linalohifadhiwa Madrid. Sinia hilo lilichimbuliwa 1847, kwa hiyo Van Dyck hakuliona. Sarafu za kale, hata hivyo, zilikuwa zikikusanywa sana Antwerp. Kwa taji, wote wawili wanamvika kaisari majani ya ushindi ya kale, wakati yeye kwenye sinia anavaa utepe wa vito kichwani.

Kuinakili kwa brashi

Kwa mwanafunzi wa uchoraji, sehemu hii huenda ndiyo itakayoamua, basi tuikae kidogo.

Chukua turubai za kawaida za dukani. *Van Dyck* anaingia karibu sawasawa kwenye 60 × 80: ukijaza upana wa sentimita 60, kimo kinafika 79. Gawanya picha kwenye gridi ya miraba 6 kwa upana na 8 kwa kimo. *Rubens* anafaa 60 × 90: upana wa 60 unatoa kimo cha 88.3, gridi ni 6 kwa 9. Katika hali zote mbili miraba ya picha si mraba kamili, inapungukiwa milimita chache, kwa hiyo usichore gridi kwa rula moja ya kukisia. Gawa upana peke yake na kimo peke yake, kwenye chapa na kwenye turubai, idadi ya miraba ikiwa ileile. Sentimita moja au mbili inayobaki iache chini, kwenye ngazi. Ukiiacha juu, Ambrosi anashuka na picha inalegea.

Paka kwanza rangi ya msingi ya kahawia iliyopauka, ikauke. Chora kwa brashi na rangi ya udongo wa kahawia iliyoyeyushwa kwa tapentaini. Kisha weka maumbo makubwa ya giza na mwanga: kundi la kaisari, kundi la askofu, jengo, anga. Nyuso na mikono baada ya hapo. Dhahabu ya joho iwe ya mwisho.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

Mkono wa Ambrosi. Huo ndio kitovu cha picha zote mbili. Pima nafasi yake dhidi ya kifua cha kaisari kwa gridi kabla ya kugusa uso wowote. Kwenye turubai ya 60 × 80, ukikosea kwa sentimita moja tu kukataza kunageuka kusalimiana.

Dhahabu. Wengi hununua rangi ya dhahabu ya kung'aa, na joho likawa kama karatasi ya zawadi. Wachoraji hawa walitumia njano, kahawia na nyeupe. Kwanza kahawia iliyoiva eneo lote, halafu manjano ya udongo kwenye nyuzi, kisha nukta nzito za njano iliyochanganywa na nyeupe pale mwanga unapopiga tu. Nukta zikizidi, mng'ao hufa.

Kupasuka. Tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mafuta zaidi. Rangi za udongo wa kahawia hukauka upesi, siku moja hadi tatu. Nyeusi na nyekundu angavu za kioo huchelewa sana. Ukipaka joho jekundu la kaisari kwanza kwa tabaka nene lenye mafuta mengi, ukafunika kwa kahawia inayokauka upesi, juu patakaza wakati chini bado panasogea, na nyufa zitatokea.

Mikuki. Hii ni ya Van Dyck pekee. Usiichore kwa mkono mtupu. Egemeza mkono kwenye fimbo, vuta mstari mmoja kuanzia chini kwenda juu, halafu katiza palipopita nyuma ya kichwa. Mikuki iliyopinda huifanya safu ya askari ionekane kama uzio unaoanguka.

Kwa ugumu wa jumla: *Rubens* anadai ulainisho, yaani kupitisha rangi ya uso kutoka mwanga hadi giza bila alama ya brashi, na anayeanza huishia kuwa na nyuso za nta. *Van Dyck* anasamehe alama za brashi, lakini hasamehi kusitasita. Mpigo wake ukiurudia mara tatu umekwisha kuwa tope. Anayejifunza maumbo na uzito wa mwili aanze na Rubens. Anayejifunza kasi ya mkono aende kwa Van Dyck.

Kuchapisha na kutundika

*Rubens* ana bahati na karatasi za A. Kwenye A3, ukijaza kimo cha milimita 420, upana unakuwa 285, ukibakiwa na milimita sita hivi kila upande. Fremu ya kawaida inatosha bila kukata chochote. *Van Dyck* kwenye A3 hujaza upana wa 297 na kufika kimo cha 391; zinabaki milimita 29 kwa jumla, juu na chini. Mwenye duka akikuambia "nitaivuta ijae", kataa. Kuivuta kunawarefusha watu, na kuikata kunaondoa ama ncha za mikuki ama ngazi.

Kwa A3 yenye pikseli 300 kwa inchi unahitaji faili lenye kimo cha pikseli 5,000 hivi. Faili hilohilo linatosha bango la A1 kwa pikseli 150 kwa inchi, kwa kuwa bango hutazamwa kwa mbali. Usilipitishe WhatsApp kama picha ya kawaida, linabanwa. Litume kama hati, au lipeleke kwenye flashi. Omba karatasi isiyong'aa, na chapa ya majaribio ya A4 kabla ya kubwa: giza la michoro hii huzidi likichapishwa, na kundi la nyuma hupotea. Mpe fundi maelekezo ya kuinua sehemu za giza kidogo bila kugusa zile za mwanga.

Rubens alifariki 1640 na Van Dyck 1641, kwa hiyo michoro yenyewe haina tena haki miliki. Picha zilizopigwa na makumbusho, hata hivyo, zina masharti yake. Yasome kabla ya kuziweka kwenye kitabu cha kuuzwa.

Ukutani, Rubens aliyechapishwa chini ya A2 hana maana sana. Van Dyck A3 anatosha chumba cha mikutano cha watu kumi na watano.

Kwenda kuziona

*Rubens* yuko Kunsthistorisches Museum, Vienna, jumba lililofunguliwa 1891 kwa ajili ya hazina za ukoo wa Habsburg, makaisari wa Austria. Jambo la kuchekesha kidogo: picha ya kaisari aliyefungiwa mlango ilitunzwa na makaisari. Kiingilio ni cha kulipia. Faida yake ni jirani zake; humo pia mna picha mbili kubwa mno za Rubens za miujiza ya Ignasi wa Loyola na Fransisko Ksaveri, kutoka kanisa la Wajesuiti la Antwerp, za miaka hiyohiyo.

*Van Dyck* yuko National Gallery, London. Mkusanyiko wa kudumu hauna kiingilio. Mchoro huu ni miongoni mwa 38 za John Julius Angerstein ambazo serikali ya Uingereza ilizinunua 1824 kuanzishia makumbusho hayo. Humohumo kuna picha ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi, kazi ya Van Dyck ya mwishoni mwa miaka ya 1630, ndefu zaidi ya mita tatu na nusu. Kijana aliyemchora mtawala akisimamishwa alikuja kulipwa kumchora mtawala asiyesimamishwa na yeyote. Mfalme huyo alikatwa kichwa 1649.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, hizi ni viza mbili tofauti: Schengen kwa Vienna, ya Uingereza kwa London. Usipange kuunganisha kwa viza moja. Na kwa kuwa michoro huazimwa au huwekwa ghalani kwa matengenezo, angalia tovuti ya makumbusho katika wiki unayosafiri.

Iwapo zote mbili hazikutoshi

Zote zinaishia mlangoni. Hakuna msamaha ndani yake. Anayehitaji mwisho wa kisa atafute Juan de Valdés Leal wa Sevilla. Mwaka 1673 alimchorea Askofu Mkuu Ambrosio Spínola mfululizo wa maisha ya Ambrosi, na jumba la Prado la Madrid lina vyote viwili, kaisari akikataliwa na kaisari akiondolewa dhambi. Pierre Subleyras naye alichora ondoleo hilo 1745. Liko Perugia, Italia.

Uchague kwa hali yako

Unafundisha katekisimu au historia ya Kanisa na una projekta: tumia Rubens, ukubwa wa ukuta unamrudishia hadhi yake. Waache watazame dakika tatu bila maelezo, uliza nani ana silaha na nani anashinda, kisha soma habari ya barua. Kama una chapa za A4 za kugawa tu, gawa Van Dyck.

Unazungumza na viongozi, mahakimu, au vijana wa somo la uraia: Van Dyck, kwa sababu ya uso wa kaisari na ile mikuki isiyosaidia kitu.

Unatundika kanisani au kwenye ukumbi mkubwa: Rubens, A1 au zaidi. Ofisini au sebuleni: Van Dyck.

Unanakili kwa mara ya kwanza na muda ni mfupi: usianze na picha nzima. Chukua mkono wa Ambrosi na kifua cha kaisari peke yake, sentimita 30 kwa 40, kutoka kwa yeyote kati yao. Ukiumudu mkono, rudi uchague.

Unaandika kuhusu karakana za wachoraji au namna ya kutambua mkono wa mchoraji: huna budi kuweka zote mbili kando kwa kando, zikiwa zimepunguzwa kufikia kimo kimoja. Anza na kidevu, kisha kona ya kushoto, kisha nguzo za nyuma, halafu kingo za joho.